Marahaba ya Bwawani

Wapo watakaosema nilikuwa na homa. Sikuwa na homa. Asubuhi ile nilikuwa nimekula ugali na maharage, nikashiba, na akili zangu zote zilikuwa mahali pake nilipomjibu mtu nisiyepaswa kumjibu. Yalinitokea mimi, msituni juu ya Lushoto, miaka ile Mwingereza alipokuwa bado mgeni katika nchi hii na wazee wakikosea kumwita Mdachi, yule Mjerumani aliyemtangulia.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi. Shule niliiacha darasa la pili, kwa sababu mwalimu hakupenda maswali nami sikuwa na kingine. Kutoka kwetu Zirai, kwa Wabondei, nikawa mtu wa njia tu. Nilikata mkonge, nikavusha watu kwa mtumbwi kule Pangani, nikachoka na joto, nikapanda mlima. Lushoto nikaajiriwa na Mwingereza mmoja aliyependa kutazama ndege na wanyama. Hakuwapiga risasi, aliwatazama tu, kisha akaandika kitabuni. Tulimwita Bwana Darubini. Alikuwa na mashua ya turubai ya kukunja, na aliposikia kwamba najua kupiga kasia akanichukua papo hapo.

Wapagazi tulikuwa watatu. Msimamizi wetu alikuwa Mzee Kilua wa Mgwashi. Mwingine alikuwa Hoza, kijana wa rika langu kutoka Bungu, mtoto pekee wa mama mjane. Hoza alinitania tangu siku ya kwanza.

“Ninyi Wabondei mlima mnaupanda kwa mdomo, mgosi,” aliniambia, yaani bwana kwa Kisambaa. “Miguu inafuata kesho.”

Nikampenda.

Tulipiga hema kando ya bwawa ambalo Mdachi alilichimbisha ili magogo ya kiwanda chake cha mbao yaelee humo. Kiwanda kilikuwa kimekwisha, imebaki mashine yenye kutu katikati ya miiba. Kabla hatujaiteremsha mashua majini, Mzee Kilua alituita pembeni.

“Ng'ambo ile mkikutana na mtu mzima, msalimieni ninyi kwanza. Akiwahi yeye kuwaamkia, nyamazeni.”

Mtu mzima atuamkie sisi? Tangu lini? Nikamwuliza kwa nini.

“Wewe unauliza kama karani wa kodi,” alisema, akaenda zake. Hoza akacheka. Mimi swali likanikaa kifuani.

Siku ilianza vizuri, nisiwafiche. Nilipiga kasia taratibu huku Bwana akitazama mbega wakiruka juu ya miti na mikia yao myeupe. Ng'ambo tulikuta vinyonga wenye pembe mbili puani. Nilimshika mmoja, Hoza akaapa kwamba hatakula na mimi chungu kimoja hadi ninawe kwa majivu. Kufika adhuhuri Bwana na Mzee Kilua wakapanda kilele kutafuta kiota cha tai. Mimi na Hoza tukabaki tukilinda mashua.

Ukungu ukaja. Aliyekaa Usambara anajua, ukungu wa huko haushuki, unatembea kama mtu mwenye safari yake. Ulitulowesha nywele, nguo, hata kope.

Akatokea kwenye matete. Mtu mzima mwenye mvi, kaniki kiunoni, begani mti mrefu wenye ncha ya chuma, ule wa kusukumia magogo. Nilichokiona kwanza si uso wake. Niliona kwamba ni mkavu. Sisi tulikuwa tunachuruzika, yeye mkavu kama kuni za darini. Midomo yetu ikawa mizito, naye akawahi. Aliinama mbele yangu.

“Shikamoo.”

Kwa nini nilijibu? Nimejiuliza maisha yangu yote. Nilitaka kuona kitakachotokea. Tena, niaminini, mimi nilikuwa mtu wa kuamkia wengine tangu kuzaliwa, na hakuna aliyewahi kuniinamia mimi. Ilikuwa tamu.

“Marahaba,” nikasema.

Hoza alinishika mkono, lakini neno lilikwisha kutoka. Yule mtu akashusha pumzi kama aliyetua mzigo.

“Sasa nina mkubwa,” alisema. “Mkubwa huwazika watu wake. Niko chini ya magogo, penye lango la maji. Nitoe unirudishe kwetu.”

Akaingia mashuani, akakaa. Nami nikaingia, sijui kwa nguvu gani, nikapiga kasia kuelekea langoni. Kila kasia mashua ilizidi kuzama, kana kwamba nimepakia magogo yenyewe. Katikati ya bwawa maji yakaanza kuingia.

“Mimi si mkubwa wako,” nilimwambia. “Nilikuwa nacheza.”

Hakukasirika. Aligeuza uso kuelekea ufukoni, akaamkia tena kwa sauti. Maji yalikuwa yamenifika magotini. Hoza alijua vema kwamba anyamaze. Lakini alikuwa ananiona nikizama.

Nikamsikia akijibu, “Marahaba.”

Mashua ikaruka juu, nyepesi, tupu. Niliporudi ufukoni nilikuta kofia ya Hoza juu ya mzigo wake, na nyayo zake zikienda kwenye lango la maji. Hazikurudi.

Bwana Darubini aliamuru lango lifunguliwe. Bwawa lilikauka siku ya pili. Chini ya magogo tulimkuta Hoza, mikono yake imekumbatia mifupa. Mzee Kilua aliutambua ule mti wenye chuma, uliolala kando ya mifupa. Mwenye mti alikuwa mtu wa kwao Mgwashi, aliyeangukiwa na magogo enzi za Mdachi, ikasemwa kwamba bwawa halikaushwi kwa ajili ya mtu mmoja. Tulimpeleka kwao, naye Hoza Bungu.

Mama yake aliniuliza, “Alifuata nini majini, baba? Mwanangu hakujua kuogelea.”

Nikasema aliteleza. Akanishukuru kwa kumleta.

Sasa nina mvi, na bendera bado ni ileile ya Mwingereza. Popote ninapolala, ukungu ukiingia, Hoza huja. Ni kijana vilevile, mkavu, bila kofia. Haniiti mgosi tena wala hanitanii. Huinama, akasema, “Shikamoo,” na kwa umri wetu wa leo ni haki yake kuniamkia. Kaburi analo. Najua anachotaka. Mama yake yu hai bado, kikongwe, na kila anayepita Bungu humwambia kwamba mwanawe aliteleza kama mlevi.

Nawe usomaye, ukiinamiwa na asiyepaswa kukuinamia, fumba mdomo. Ukishajibu, beba. Mimi sikubeba, akabeba mwingine.

Jana jioni alikuja tena, akaamkia, akangoja. Mimi, mtu wa maswali, nikatazama chini mpaka ukungu ukaondoka.