Niliihamisha Siku ya Ajira Hadi Saa Saba ya Ijumaa

Msimamizi wa ukurasa, lifiche jina langu, ingawa sina muda mrefu wa kulionea aibu. Mimi ni mama wa miaka sabini na minane, mhadhiri mstaafu, ninaishi Gatitu, pembeni mwa mji wa Nyeri. Moyo wangu umechoka, na daktari ameniambia bila kuzungukazunguka kwamba nijiandae. Ninaandika kwa kidole kimoja kwenye simu, nikipumzika kila baada ya sentensi chache.

Katika chuo kikuu nilichofundisha, mimi ndiye niliyeanzisha chai ya wanafunzi wa uzamili. Watu hudhani anayesoma shahada ya pili ni mtu mzima asiyehitaji wenzake. Si kweli. Wengi walikuwa walimu na makarani waliokuja jioni wakiwa wamechoka, hawajuani, kila mmoja akihangaika na tasnifu yake peke yake. Basi kila mwezi nilipika chai, nikaleta nduma na mandazi, wakakaa pamoja. Mara moja kwa mwaka tulikuwa na siku ya ajira: wageni walikuja kutoka mashirika mbalimbali, na kila mwanafunzi akasimama kando ya bango lake akaeleza utafiti wake kwa dakika tatu. Kwa miaka mingi nilikaa katikati ya chumba kile, wakinizunguka kama vifaranga. Nilikipenda kile kiti kuliko cheo changu.

Kisha akaja Yusuf, kama nitakavyomwita hapa. Kijana wa Majengo, mama yake akiuza chapati na maharagwe kwenye kibanda karibu na msikiti. Nilikuwa msimamizi wa tasnifu yake. Alichunguza maji ya mito inayotoka mlimani, na aliandika kwa urahisi kiasi kwamba nilisoma ukurasa mmoja mara mbili nikitafuta kosa. Sikuliona. Kwenye chai alisoma barua za wenzake za kuomba kazi na kuzirekebisha huku akiwatania.

"Wanjiru, hii barua yako inaomba kazi ama inaomba msamaha?"

Chumba kizima kilicheka. Siku moja niliwaita, chai inapoa. Wanjiru akanijibu bila hata kugeuka, "Mwalimu, ngoja kidogo, Yusuf ako karibu kumaliza."

Ningoje kidogo! Katika chumba changu, kwa chai yangu.

Mwaka wa Yusuf wa kumaliza, mgeni mmoja, mama kutoka taasisi ya utafiti wa maji, aliniandikia. Walikuwa wamesoma mihtasari ya wanafunzi wote na walitaka kumwona kwanza "yule kijana wa mito", maana walikuwa na nafasi moja ya kumpeleka mtu ng'ambo kusomea uzamivu. Nami niliwahi kupata nafasi kama hiyo nikiwa msichana. Baba alikataa, akisema hakuna mwanamume angenioa nikirudi. Nilijifungia ofisini na barua ile mchana kutwa.

Siku ya ajira ilikuwa imepangwa Alhamisi. Niliihamisha hadi Ijumaa, saa saba mchana, nikawaambia watu kwamba wageni ndio walioomba. Nilijua vizuri Yusuf huwa wapi Ijumaa saa saba.

Akaja ofisini. "Mwalimu, hiyo saa ni ya swala. Naweza kuwekwa wa mwisho?"

"Usijali," nikamwambia. "Nitakuweka wa mwisho."

Nilimweka wa kwanza.

Wageni wakasimama mbele ya bango lisilo na mwenyewe. Yule mama akauliza, "Huyu ako wapi?" Nikajibu, "Mambo haya hayamshughulishi sana." Maneno manne tu. Akaguna, akasogea kwenye bango la pili. Saa nane wageni wakaondoka, walikuwa na mkutano mwingine Murang'a. Yusuf akaingia mbio saa nane na robo, kofia mkononi, jasho likimtoka.

"Pole, Mwalimu," akasema. "Nimekuaibisha mbele ya wageni wako."

Kisha akakunja mikono ya shati akaosha vikombe vyote.

Nafasi ile ilienda kwa mwingine. Yusuf sasa anafundisha shule ya upili ya kutwa, na kila Jumamosi vijana hujaa chumba kimoja Majengo awarekebishie barua zao. Nasikia kuna chai pia. Niliposikia habari ya chai, nilikasirika siku mbili.

Kwetu hazikwi mtu bila wasifu wake kusomwa. Watoto wangu, ambao hawaandiki lolote refu kuliko ujumbe wa simu, walimwomba Yusuf aandike wangu, nami niukague ningali hai. Kila Ijumaa baada ya swala huja na daftari, na chapati za mama yake zimefungwa kwenye kitambaa. Wiki mbili zilizopita alinisomea: "Alipika chai ili mtu asiogope peke yake." Mungu anisamehe, nilichohisi kwanza kilikuwa wivu. Kwa nini sentensi hiyo sikuiandika mimi? Aibu ilikuja baadaye.

Ijumaa iliyopita alifika kwenye mwaka ule. Akafunga daftari, akasema, "Mwalimu, ile siku nilichelewa nitaiweka pia. Nataka watu wajue hukunikasirikia hata kidogo."

Nimemwambia binti yangu peke yake. Akasema, "Mami, wacha. Wewe utaenda na amani yako, na yeye utamwachia nini?" Labda ni kweli. Lakini nikinyamaza, Yusuf atasimama kando ya jeneza langu na kuomba radhi mbele ya watu kwa dhambi yangu mimi.

Zimebaki siku tatu Ijumaa ifike. Ninyi mliosoma hadi hapa, semeni nami kama mnavyosema na mama zenu: nimwache aandike hivyo, ama nimwambie ukweli afute?