Kikohozi cha Wifi

Mtaani walimwita Mama Hewa. Kazi yake ilikuwa kuingia katika nyumba za watu na kupima hewa wanayoivuta, kutafuta ukungu uliojificha ukutani, darini na nyuma ya makabati. Wageni waliposikia hivyo walimtania: hewa nayo unaipima kwa kilo au kwa lita? Alicheka nao, maana alishazoea, kisha akawaambia wakifika nyumbani wanyanyue godoro watazame upande wa chini. Wengi hawakurudia utani huo.

Alikuwa mrefu, mwembamba, na alitembea ameinama kidogo kama mtu aliyeangusha sindano. Begani hakukosa mkoba wa turubai. Ndani yake mlikuwa na kipima unyevu chenye meno mawili ya chuma, pampu ndogo ya kuvuta hewa, vikasha vya kunasia vumbi, utepe wa gundi, tochi na barakoa. Akifika kwenye chumba alisimama mlangoni kwanza, akafumba macho, akavuta pumzi taratibu. Mashine haikosei, alisema, lakini haijui pa kwenda. Pua ndiyo inayoipeleka.

Kazi hiyo aliifikia kwa mikono ya kaka yake. Walifiwa na wazazi wangali wadogo, na kaka akaacha shule akaenda kubeba zege ili mdogo wake asome. Yeye akasoma mpaka mambo ya maabara. Kaka akapanda kutoka kubeba zege hadi kuwa fundi mwashi ambaye watu walimpangia foleni. Walimwita Plasta. Ukuta aliousawazisha yeye, walisema, unaweza kuutumia kama kioo cha kunyolea ndevu.

Kisha Plasta akaanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Nyonga ilivunjika, ikaungwa vibaya, na tangu hapo akawa mtu wa mkongojo. Kilichobaki mkononi mwake ni nyumba yake mwenyewe, aliyoijenga akiwa mzima, mkewe akimpasia matofali. Ilikaa kwenye mteremko. Chumba chao cha kulala, cha nyuma kabisa, alikichimbia ndani ya kilima, ukuta wake mmoja ukiwa umeegemea udongo. Jua likiwa kali kilikuwa baridi kama mtungi, na mgeni alipelekwa kukiona kabla hata hajakaribishwa kiti.

Mkewe alikuwa mshonaji, mwanamke mnene wa mwili na mwepesi wa kucheka, cherehani yake ikiwa imewekwa sebuleni karibu na dirisha. Yeye na Mama Hewa walipendana kuliko wifi wengi wanavyopendana. Wifi huyu ndiye aliyeanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi kikavu, kisichotoa kitu. Alipewa dawa za maji, akapimwa kifua kikuu akaonekana hana, akapewa dawa ya kuvuta kama mwenye pumu. Jambo la ajabu ni kwamba akienda kumtembelea binti yao, aliyeolewa mbali, kikohozi kilikatika. Anarudi amenawiri, hata wiki haiishi, kinaanza tena. Majirani wakapata la kusema. Huyo hana kikohozi, walisema, ana mume. Maneno yale yalimfikia Plasta. Kuanzia hapo mkewe akianza kukohoa alijikongoja akahamishia kiti chake barazani.

Mama Hewa alikuwa na wasiwasi wake siku nyingi. Wakati mmoja alimwambia kaka yake kwamba angependa kupima kile chumba. Plasta alitabasamu akamuuliza kama siku hizi anasahihisha kazi yake. Mama Hewa aliona aibu, akaacha. Mtu aliyekulea kwa kubeba zege humwambii kirahisi kwamba ukuta wake una kasoro.

Wifi ndiye aliyempigia simu. "Kesho kaka yako anakwenda kliniki ya nyonga," alisema. "Njoo na ule mkoba wako."

Alipofika alikuta madirisha yamefungwa tangu jana yake na sakafu haijafagiwa, kama alivyozoea kuwaagiza wateja. Alinasa kwanza hewa ya nje, ili apate ya kulinganishia. Akanasa ya sebuleni. Kisha akaenda chumba cha nyuma, akasimama mlangoni, na kabla hajavuta pumzi ya pili alishajua.

Ukuta ulikuwa mweupe, umenyooka, unang'aa. Kwa macho hapakuwa na doa. Walisogeza kabati la nguo, akabandika kipima unyevu, na namba zikapanda mpaka mwisho wa kipimo. Chini, mahali ukuta unapokutana na sakafu, Plasta alikuwa amepigilia ubao mpana wa urembo. Meno ya chuma yaliingia ndani ya ubao huo kama yanaingia kwenye mkate. Aliubandua kwa bisibisi. Nyuma yake kulikuwa na ukungu mweusi, mnene, unaoteleza kama masizi ya sufuria yaliyolowa, umetambaa kutoka pembe hadi pembe.

Wifi alikuwa ameketi kitandani. Aliinama akautazama.

"Kumbe ndiye huyu," alisema. "Tumelala naye miaka yote."

Walirudisha ubao na kabati. Majibu yalipokuwa tayari, mwenzake wa maabara hakungoja ayafuate, alipiga simu. Alisema mbegu za ukungu za chumbani zimezidi za nje mara nyingi sana, kisha akauliza kama humo ndani anaishi mtu.

Mama Hewa alimkuta wifi kwenye cherehani, akamwambia yote, na kwamba asilale tena mle hata usiku mmoja. Plasta, aliyekuwa ametoka kidogo, akirudi wamwambie pamoja. Wifi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Kaka yako amebakiwa na nini?" aliuliza. "Nyonga imekwenda, kazi imekwenda. Akiamka asubuhi anaupapasa ule ukuta kabla hajanipapasa mimi. Nikimwambia ndio unaoniziba pumzi, nitakuwa nimemmalizia."

Akamwapisha asimwambie. Alisema atahamia sebuleni kwa kisingizio cha joto, na mambo yataisha yenyewe. Mama Hewa alikubali kwa shingo upande. Katika kazi yake majibu ni ya aliyemwita, na aliyemwita ni huyu.

Wifi alilala sebuleni siku chache tu. Plasta alimuuliza amemkosea nini, na yeye akarudisha mto wake chumba cha nyuma. Miezi ikapita. Akawa anashona kipande, anapumzika, anashona tena. Midomo yake ikaanza kugeuka rangi ya zambarau. Kupanda kutoka barabarani hadi mlangoni kwake ikawa safari ya kusimama njiani na kujifanya anatazama maua ya watu.

Mwishowe alipelekwa kwa daktari bingwa wa mapafu, Mama Hewa akimsindikiza. Daktari alitazama picha akasema mapafu yameanza kuweka makovu, kama yanavyofanya ya mtu anayevuta kitu kibaya kila siku, kitu ambacho huweza kumdhuru mmoja kikamwacha mwenzake. Aliuliza kama nyumbani kwao kuna unyevu, au ukungu wa aina yoyote. Wifi alimwangalia usoni akasema hapana, nyumba yao ni kavu, mume wake ni fundi.

Mama Hewa aliyasikia hayo akiwa ameshika mkoba wa wifi magotini. Alimfikisha nyumbani, akamketisha ndani, kisha akatoka barazani alipokuwa kaka yake na kumwambia kila kitu: kwamba alipima, alichokiona nyuma ya ubao, maneno ya maabara, maneno ya daktari. Alisema haraka, akiwa amesimama, kwa sababu aliogopa kwamba akiketi atanyamaza.

Plasta alichora chini kwa ncha ya mkongojo wake.

"Najua," alisema.

Alikuwa anajua tangu mvua za kwanza. Alipokijenga kile chumba alikuwa anakimbizana na mawingu, hakuchimba mfereji wa kutoa maji nyuma ya ukuta, wala hakutandika plastiki nzito ya kuuzuia unyevu wa udongo, akajiambia atarudi kufanya baadaye. Mvua ikanyesha, ukuta ukatoa jasho. Aliubandua akaupaka lami, akapiga plasta upya, akapigilia ule ubao. Kila mkewe alipokwenda kwa binti yao, yeye nyuma alikwangua madoa na kupaka rangi. Hata baada ya kuvunjika nyonga aliendelea, akipaka ameketi kwenye kigoda. Mke akirudi anakuta ukuta mpya.

"Ukuta nilijua," alisema. "Kifua chake sikukiunganisha na ukuta. Au sikutaka." Kisha akasema, "Usimwambie. Anawaambia watu kote kwamba hakuna fundi kama mimi."

Mama Hewa hakuwahi kumpandishia sauti kaka yake. Siku hiyo alimpandishia. Alimwambia kwamba mkewe anajua, amejua miezi yote hii, na anakufa kwa ajili ya kumfichia. Akamshika mkono akamwinua, akamwingiza sebuleni, akawaketisha wote wawili na kuwalazimisha waambizane.

Hawakugombana. Wifi alimsikiliza mumewe mpaka mwisho, kisha akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi kilichomkunja. Alipopata pumzi akauliza, "Sasa hiyo rangi ulikuwa unaificha wapi?"

"Stoo," alisema Plasta. "Chini ya magunia."

Siku hiyohiyo kitanda kilihamishiwa sebuleni. Nguo na mablanketi vilifuliwa kwa maji ya moto, godoro likatupwa. Mama Hewa aliufunga mlango wa chumba cha nyuma, akaziba nyufa zote kwa plastiki na gundi. Kwa muda wifi alipata nafuu. Alianza kushona tena, na majirani waliokuwa na maneno walileta nguo zao wakajifanya hawajawahi kusema chochote. Lakini daktari alikuwa amewaeleza wazi. Chanzo wamekiondoa, makovu hayarudi nyuma. Nafuu ikasimama, halafu ikaanza kuteremka. Ukaletwa mtungi wa oksijeni, ukasimamishwa kando ya cherehani, na mrija ukawa unaingiliana na nyuzi mpaka wifi akasema siku moja atajishonea pua.

Alifariki mchana mmoja wa mvua, akiwa ameketi, kwa kuwa kulala chali hakuweza tena. Plasta alikuwa nyuma ya kiti akimshikilia mgongo. Aliendelea kuushikilia muda mrefu baada ya hapo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia aachie.

Baada ya mazishi Plasta alikwenda stoo. Alichukua nyundo na patasi, akachana ile plastiki, akaingia chumba cha nyuma na kuanza kuubomoa ukuta. Mama Hewa alipopata habari alikimbilia huko. Alimkuta kwenye vumbi bila kitu usoni, ameegemea nyonga yake mbovu, akibandua plasta kwa mapande. Alimpa barakoa, akaikataa. Ilimbidi amfunge mwenyewe, kama anavyofungwa mtoto kamba za viatu, na Plasta akasimama akangoja amalize, kisha akaendelea kupiga. Chini ya rangi kulikuwa na rangi nyingine, na nyingine. Chini ya plasta kulikuwa na lami, na chini ya lami matofali yalikuwa yamelainika kiasi kwamba nyundo ilizama.

Wenzake wa zamani kazini walikuja wakamwonya kwamba paa limekaa juu ya ukuta huo, litamwangukia. Alisema na limwangukie. Walimtoa wakiwa wanne, wakamalizia kubomoa wenyewe kwa utaratibu, na mahali palipokuwa na chumba pakabaki kilima kilichochimbwa, kimefunikwa turubai.

Yeye na dada yake hawakukosana, lakini hawakurudi kuwa kama zamani. Kuna siku alimwambia, bila ukali, akitazama kando: "Ungeniambia siku ileile."

"Ndiyo," alisema Mama Hewa.

Hakutaja kiapo, wala hakumkumbusha kwamba na yeye alijua. Alikuwa ameshamuuliza daktari kama miezi ile ingebadilisha kitu, na daktari alisema huenda, kwa sauti ya mtu anayetaka kuulizwa jambo jingine. Hakurudi kumuuliza tena.

Bado anafanya kazi. Kilichobadilika ni kwamba sasa, kabla hajafungua mkoba, anamweleza mwenye nyumba kwamba majibu atayasoma mbele ya wote wanaolala humo, mume, mke, wakwe, na dada wa kazi akiwemo. Wapo wanaokataa. Baba mmoja alimwonyesha mlango, akamuuliza nani amemfanya hakimu. Yeye huchukua mkoba wake na kuondoka, na usiku hapati usingizi akifikiria watoto aliowaona wakicheza kwenye zulia la nyumba ile.

Binti wa Plasta alikuja akamchukua baba yake. Mzee aliondoka na begi moja. Cherehani haikuingia kwenye gari, ikabaki, na funguo za nyumba zikabaki kwa Mama Hewa. Akipata nafasi hupita asubuhi akafungua madirisha yote, na jioni akarudi kuyafunga. Jirani mmoja alimuuliza kwa nini anajisumbua na nyumba ambayo haina mtu. Alimjibu kwamba nyumba ikifungwa muda mrefu inaota ukungu, akaendelea kupanda mteremko.