Mkono wa Gia wa Watu Wawili

Pikipiki ile ilikuwa na vikanyagio jozi mbili, na habari yote ya Abibu inaanzia hapo. Mzungu mmoja aliyekuwa akishindana nayo siku za Jumapili aliongeza jozi ya nyuma, apate kulala juu ya tangi upepo usimshike. Mzungu huyo alipohama Kolwezi, ikanunuliwa na watu wawili wa mtaa wa Dilala ambao hakuna aliyewadhania wangenunua hata kuku kwa pamoja. Mmoja ni Abibu, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Kasongo, mchuuzi wa vitenge. Wa pili ni Kabongo, mtu wa jimbo la Kasai, fundi wa mashine kule mgodini Musonoi.

Abibu aliendesha akiwa amekaa wima, miguu mbele, mzigo wa vitenge umefungwa nyuma yake. Kabongo alilala kifudifudi kama mjusi ukutani, miguu kwenye jozi ya nyuma. Sasa nisikilizeni vizuri. Ukirudisha miguu nyuma, vidole haviufikii tena mkono wa gia. Lazima ulegeze bolti, uuchomoe mkono ule, uugeuze ncha yake itazame nyuma, kisha uukaze. Na ukiugeuza, gia nazo zinageuka. Kwa Abibu, kukanyaga kulikuwa kupandisha gia. Kwa Kabongo, kukanyaga ndiko kuishusha.

Juma la kwanza Abibu alisahau habari hiyo. Akatoka mkono wa gia ukiwa bado umegeuzwa kwa Kabongo, akawa anautafuta kwa kisigino, akakanyaga, injini ikalia kama mbuzi anayeburutwa, na vitenge vikaenda matopeni.

"Haya, tata shehe!" Kabongo alicheka mpaka akakaa chini. "Leo umeuzia bachura!"

"Cheka tu, mula-mbwa weye," Abibu akasema, naye akicheka. Utani wao ulikuwa wa namna hiyo.

Basi wakawekeana desturi. Anayemaliza kuitumia ndiye anayemgeuzia mwenzake. Hujigeuzii mwenyewe. Unamwachia mwenzako pikipiki iliyo tayari kwa mguu wake, kama mke anavyomwekea mumewe maji ya kuoga. Tangu hapo hakuna aliyesahau, hata siku ya mvua, hata siku ya homa.

Ukafika mwaka ule wa mwisho kabla ya uhuru. Maneno yakaanza mjini: watu wa Kasai warudi kwao. Majirani waliokuwa wakiombana chumvi wakaanza kuombana kwa kupitia watoto. Tshiela, mke wa Kabongo, alitaka waondoke. Kabongo akakataa.

"Kwetu ni wapi?" alimwambia Abibu. "Batoto bangu bote balizaliwa hapa. Mi nikibakia na mutu mumoja tu mwenye kunitaka, sitoke."

"Uko naye," Abibu akasema. "Lala usingizi."

Siku chache baadaye Abibu alikuwa sokoni, amepanga vitenge vyake, Tshiela akapita kununua unga wa mihogo. Vijana wakamzunguka. Mmoja akalipindua bakuli lake la unga.

"Rudia kwenu! Unga ya hapa haiko ya kwenu!"

Tshiela aliinua macho, yakakutana na ya Abibu. Nafasi kati yao haikuzidi upana wa njia. Abibu akainamisha kichwa, akaanza kukunja upya kitenge kilichokuwa kimekunjwa. Alikikunja taratibu sana. Alipoinua kichwa, mama yule alikuwa ameondoka, na kuku walikuwa wanadonoa unga.

Jioni ilikuwa zamu ya kumpelekea Kabongo pikipiki. Abibu aliisukuma ua mzima injini ikiwa imezimwa, akaiegemeza kwenye ukuta wa jiko. Ndani aliisikia sauti ya Tshiela. Akaogopa mlango usije ukafunguliwa. Akaondoka upesi, spana ikiwa mfukoni mwake.

Kesho yake hakwenda kwa rafiki yake. Wala kesho kutwa. Asubuhi iliyofuata, Sikudhani, mke wake, alimwita.

"Baba Mwanvua, moto iko hapa inje. Nani ameileta?"

Pikipiki ilikuwa imeoshwa inang'aa. Mkono wa gia ulitazama mbele, ulivyofaa mguu wake. Ndipo Abibu alipokumbuka. Alikuwa ameuacha vilevile ulivyo sasa. Hakumgeuzia.

Alipanda akaenda kwa Kabongo, akakuta nyumba tupu, akageukia kituo cha treni mbio, akikanyaga gia zote. Treni ilikuwa bado imesimama. Kabongo alikuwa dirishani, mtoto amemlalia begani.

"Ndugu, nilisahau," Abibu akasema akihema. "Nakuapia, nilisahau tu."

"Tshiela aliniambia mambo ya soko," Kabongo akasema. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyouma. "Nikamujibu: nyamaza, Abibu ni mutu yangu. Ngoja alete moto, utaona. Asubuhi nikatoka kuangalia."

"Nilisahau, Kabongo."

"Ku soko nako, ulisahau?"

  Tshiela, aliyeketi upande wa pili, alimfunika mtoto shuka bila kumtazama Abibu.

"Basi, tata shehe," Kabongo akasema polepole. "Iko ya kwako sasa. Endesha muzuri."

Treni ikavuta.

Jioni ile Abibu alitoa spana, akalegeza bolti, akaugeuza mkono utazame nyuma. Asubuhi akaurudisha mbele, akaenda sokoni. Jioni akaugeuza tena.

"Unamugeuzia nani?" Sikudhani aliuliza siku ya kwanza. Siku ya pili akamshikia taa.

Uhuru ukaja, barua kutoka Kasai haikuja. Mwishowe mkono wa gia ukaanza kuteleza kwenye ekseli yake. Abibu akaipeleka pikipiki kwa Stanislas, fundi wa Dilala, aliyeichomoa ile bolti akaiinua kwenye mwanga.

"Aksh! Meno imekwisha yote. Tata, weye unafungua hii kila siku? Juu ya nini?"

Abibu aliipokea bolti, akaifuta grisi kwa kidole gumba.

"Tuko babili," akasema. "Tuko babili tunaitumia."