Ua la Manjano la Mama Kahambu

Mama Kahambu alipanga chumba chetu cha nyuma kwa miaka kumi. Alifika Makindye mwishoni mwa mwaka 1964 akitokea Lubero, huko Kongo, wakati wa vita vya waasi. Alikuwa na binti wa miaka kumi na mitatu ubavuni, sufuria moja kichwani, na kifurushi cha kitenge alichokikumbatia kifuani. Baba yangu, Mzee Kamis, aliyekuwa dereva wa malori, alimwonea huruma akampa chumba kile kwa sababu dirisha lake halikutazama kambi ya jeshi ya jirani, naye aliwaogopa askari. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja na niliamini kwamba ndani ya kile kitenge mlikuwa na dhahabu. Alipokifungua nikaona kitu cheusi chenye manyoya, kama muhogo ulioungua, nikaondoka.

Kile kitu alikipanda kwenye karai kuukuu la mafundi wa ujenzi, akalitoboa chini kwa msumari. Udongo aliuchanganya na makaa yaliyopondwa na kokoto ndogo, maana alisema kwao maji hayakai, yanapita. Karai aliliweka upande wa nyumba usiopata jua la mchana. Makindye ina joto kuliko milima ya Lubero, kwa hiyo miaka mitatu mmea ulitoa majani tu, membamba, yenye nywele nyeupe. Mwaka wa nne, mvua za Aprili, ukatoa maua. Yalikuwa ya manjano yenye petali sita, mithili ya nyota, yanafunguka asubuhi na kufumba kabla ya adhuhuri. Siku hiyo Mama Kahambu hakwenda sokoni. Alikaa kwenye kigoda mbele ya karai mpaka ua la mwisho likafumba, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Kazi yake ilikuwa samaki. Aliwanunua kwa wavuvi wa Ggaba, kando ya ziwa, akawakausha kwa moshi nyuma ya nyumba yetu, akawauza katika soko la Owino. Nguo zetu zote zilinuka moshi, na wasichana wenzangu shuleni waliniita Rukia Samaki. Sikumchukia kwa hilo. Yeye ndiye mtu mzima pekee aliyenikuta nimejificha na kitabu asiniulize kwa nini sichezi. Alinipisha kwenye kigoda chake. Kila ua lilipofunguka aliniita nilione, na akanieleza kwamba lilikuwa likiota mlangoni kwa mama yake, na kwamba nyumba ile iliteketezwa mama akiwa ndani. Hakueleza zaidi. Alisema tu kwamba siku moja bintiye Marie-Jeanne, aliyeolewa Kasese, atapata nyumba yake mwenyewe, naye atampelekea mmea huo uote mlangoni kwake.

Nilipomaliza chuo mwaka 1974 nilipata kazi katika idara ya mimea ya chuo hichohicho, kwenye chumba cha mimea mikavu. Kazi yetu ilikuwa kukausha mimea, kuishona kwenye karatasi ngumu na kuandika kando yake ilikotoka. Walimu wengi wa idara walikuwa wameondoka nchini, wengine hatukujua walipo na hatukuuliza. Aliyebaki kutusimamia alikuwa Daktari Okullo, mtu mpole mwenye koti moja. Petroli haikupatikana, gari la idara lilikaa juu ya matofali, na kwa mwaka mzima hakuna mmea mpya ulioingia katika chumba kile. Nilikaa pale nikipangusa vumbi kwenye makabati. Nilikuwa mwoga wa kusema mbele za watu, na nilitamani mno nionekane ninafaa.

Januari ya 1975 Mama Kahambu alisafiri kwenda kwao kwa mara ya kwanza tangu akimbie. Alisikia kuna amani, akataka kuona kama pale mlangoni kumebaki chochote. Kabla ya kuondoka alinipeleka kwenye karai. Majani yote yalikuwa yamekauka.

"Huyu iko analala tu, binti yangu," aliniambia. "Usimpe maji. Utamwona kama amekufa, utasikia huruma, utataka kumpa kidogo. Ukimpa, ataoza. Ngoja mvua imwamshe mwenyewe. Wewe ulinde kuku tu."

Nikasema ndiyo, mama. Akanishika shavu, akapanda gari.

Nililinda kuku. Mvua za Machi zilipoanza, mmea uliamka, na katikati ya Aprili ukatoa maua tisa, mengi kuliko mwaka wowote. Nilichuma moja, nikalitia ndani ya kitabu, nikalipeleka idarani. Hilo moja nadhani Mama Kahambu angenisamehe. Daktari Okullo alilitazama kwa kioo chake, akafungua vitabu viwili, akarudi tena kwenye kioo. Alisema ni la ukoo anaoujua, lakini aina hii haimo katika kabati lolote letu, na hadhani kuna mtu amewahi kuiandika upande huu wa mpaka. Kisha akanieleza nilichokuwa nakijua: ua bila shina na mzizi si kitu, unatakiwa mmea mzima.

Akaniuliza, "Yako mangapi huko?"

Nilitaka kusema ni mmoja, na una mwenyewe. Lakini alikuwa akinitazama kwa furaha, naye tangu niajiriwe sikuwahi kumwona akifurahi. Nikasema, "Mengi."

Niliung'oa mmea asubuhi ya Ijumaa, Baba akiwa safarini. Chini palikuwa na kiazi kikubwa kama ngumi. Kiazi kinene hakikauki kwenye karatasi, kinaoza, kwa hiyo desturi yetu ni kukipasua katikati na kushona nusu moja. Nilipokipasua ndani kilikuwa cha manjano kuliko hata maua, na hewa ilipokigusa kikaanza kugeuka rangi ya kahawa. Nusu moja niliibana katikati ya magazeti pamoja na majani na maua. Nyingine niliitupa kwenye pipa la taka la idara. Kwenye kibandiko niliandika: Makindye, bondeni, yapo mengi. Chini nikaandika jina langu. Daktari Okullo alinipa mkono. Siku hiyo nilitembea kwa miguu toka mjini mpaka nyumbani, na nakiri kwamba nilikuwa na furaha.

Furaha ilikwisha nilipoliona karai. Nikamwaga udongo, nikalificha nyuma ya tangi la maji.

Mama Kahambu alirudi mwanzoni mwa Juni, amekonda. Nilimsikia akimweleza Baba barazani kwamba kile kilima chote kimelimwa, kimepandwa kahawa mpaka kwenye makaburi. Aliuliza watu, akatambaa kwa magoti kati ya mibuni, hakuona hata jani. Alisema, "Mzee, nimeshukuru Mungu kwamba nilikwisha kumtoa mmoja."

Kisha akaenda nyuma ya nyumba. Nikamfuata, kwa sababu kubaki ndani kungekuwa kukiri. Alisimama mahali pa karai. Hakupiga kelele. Alinigeukia tu, akangoja.

Wakati ule kulikuwa na jibu moja ambalo mtu yeyote mjini angeliamini bila kuuliza la pili. Watu walipotea, magari yalipotea, maduka yalibadili wenyewe asubuhi kwa jioni, na ulipouliza uliambiwa neno hilohilo. Mimi nilikuwa nalo mdomoni kabla sijalifikiri.

"Wanajeshi walikuja," nikasema. "Walipekua, wakapiga mateke kila kitu."

Mama Kahambu alifunika mdomo kwa mkono. Halafu akanikumbatia. Akanipapasa mgongo, akaniuliza kama walinigusa, akarudia kuuliza kwa sauti ya chini, na nilipotikisa kichwa akamshukuru Mungu kwa Kiswahili na kwa lugha yao. Akaniambia ua ni ua, mtu ni mtu. Nililia, naye akadhani nalia kwa hofu.

Sikufikiri atakachofikiri yeye usiku ule. Sisi ni Wanubi. Watu wetu wengi walikuwa katika jeshi lile, na nyumba ya Mzee Kamis haikuwahi kupekuliwa, kila mtu Makindye alijua. Mama Kahambu alijiuliza wanajeshi walitafuta nini katika nyumba kama hiyo, akapata jibu moja tu: walimtafuta yeye, mgeni wa Kongo. Kulipopambazuka alikuwa amefunga godoro. Alimwambia Baba hataki kumletea balaa mtu aliyemsitiri, akaenda Ggaba kwa mwanamke mmoja muuza samaki, akapata kona ya kulala nyuma ya tanuri lake. Miaka kumi ikaisha asubuhi moja.

Baba alikaa siku mbili bila kwenda kazini. Siku ya tatu alivaa kanzu safi na kofia yake, akasema anakwenda kambini. Alikuwa na mwenzake wa utotoni, ofisa huko, naye alitaka aambiwe ni askari gani walioingia nyumbani kwake wakawatisha binti yake na mpangaji wake. Alikuwa amekwisha shika mlango. Nilijua kwamba akiuliza, mtu atatafutwa, na mtu atapatikana, hata kama hayupo.

Nikamwambia yote pale mlangoni.

Baba alivua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni. Alikaa kwenye ngazi.

"Umewasingizia watu wenye bunduki," alisema. "Kwa jani."

"Ndiyo, Baba."

"Na yule mama amekuombea. Nenda Ggaba. Mimi siwezi kumtazama kwa niaba yako."

Nilimkuta Mama Kahambu akigeuza samaki juu ya moshi. Aliponiona alifuta kigoda kwa upindo wa kitenge chake ili nikae. Nilisema nitasimama. Nilimweleza nikiangalia samaki: lile ua la kwanza, Daktari, neno "mengi", kisu, magazeti, na kwamba hakuna mwanajeshi aliyekuja. Aliendelea kugeuza samaki mmoja mmoja mpaka wakaisha.

"Kiazi ulikifanyaje?" aliuliza.

"Nilikipasua. Nusu imo kwenye karatasi, imekauka."

"Na ile ingine?"

"Niliitupa."

Ndipo alipoweka koleo chini. "Mimi nilitoka kwetu na kipande," alisema. "Sikuwa na nafasi ya kuchimba, nilikata kwa jembe nikakimbia. Kipande chenye jicho kinaota, Rukia. Ungeniuliza. Ungeuliza tu."

Sikuwa nimeuliza. Nilisoma miaka mitatu juu ya mimea, na katika miaka kumi sikumwuliza mtu aliyeutunza mmea ule. Nilikimbia kurudi idarani nikalitafuta lile pipa, ingawa nilijua ni upuuzi. Taka zilikuwa zimechomwa tangu Aprili. Nilipekua majivu mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza pete.

Nilimwambia na Daktari Okullo. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, akasema hana adhabu ya kunipa inayotosha, na kwamba nisimwombe msamaha yeye.

Wiki tatu baadaye Mama Kahambu alikuja mwenyewe. Alivaa kitenge chake cha kanisani na viatu vya kufunika, na harufu ya moshi ilitangulia mlangoni. Alimsalimu Daktari, akasema amekuja kumwona mgonjwa wake. Daktari alimpa kiti chake mwenyewe, akafungua kabati, akailaza karatasi mbele yake. Maua yalikuwa bado ya manjano. Alisogeza kidole juu yake bila kugusa, kutoka ua moja hadi jingine, akayahesabu yote, manane. Akaniomba nimsomee kibandiko. Nilisoma. Nilipofika "yapo mengi" nilisita, na Daktari akaniamuru nimalize.

"Hiyo si kweli," Mama Kahambu alimwambia Daktari, kana kwamba mimi ni mashine tu ya kusomea. "Alikuwa mmoja. Andikeni vizuri."

Daktari alitoa karatasi mpya. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo kalamu alinipa mimi. Mama Kahambu alikaa wima akasema, nami nikaandika. Alitaja kilima na kijito kilicho chini yake. Alitaja jina la mama yake, akanirudisha mpaka nikaliandika sawasawa. Alieleza makaa yapondwe kiasi gani, kivuli kiwe upande gani, mwezi gani mtu aache maji, majani yakianza kunyauka yanyauke mpaka wapi, na kipande kikikatwa kikae siku ngapi kwenye majivu ndipo kipandwe. Kila kitu alikieleza kama vile kesho asubuhi mtu atakwenda kupanda. Ilijaa kurasa mbili. Mara moja niliacha kuandika kwa sababu sikuona mstari, naye akangoja, hakunitazama, akaendelea palepale alipoachia.

Kurasa zile Daktari alizishona nyuma ya mmea kwa mkono wake. Ukienda utazikuta, kwa mwandiko wangu.

Nilimsindikiza Mama Kahambu mpaka getini. Nilimwambia Baba anasema chumba hakijapangishwa, na hatakipangisha. Alijibu kwamba Mzee Kamis ni mtu mwema, nimpe salamu nyingi, lakini yeye amekwisha zoea ziwa. Gari la Ggaba lilikuwa linajaa. Kwa miaka kumi aliniita binti yangu.

"Haya, madamu," alisema. "Rudi kazini."