Upawa wa Bi Leontine

Wananchi mnaarifiwa kwa heshima zote kwamba mlinzi mkuu wa afya ya mji wa Houma katika msimu huu wa vimbunga yuko kazini. Amechuchumaa nyuma ya jiko la ukumbi wa kanisa, anapaka unga kwenye mpini wa upawa huku akichungulia mlango kama mwizi wa sukari.

Unga huo hauna madhara. Hauonekani pia, mpaka umulikwe kwa taa yake ya zambarau.

Leontine Verdin (58), aliyekuwa mpishi wa shule, hulipwa dola kumi na nne kwa saa kuwafundisha watu wa kujitolea jinsi ya kuwalisha waliokimbia dhoruba bila kuwaambukiza maradhi. Hamwamini mtu.

Ana sababu. Mwaka jana, baada ya kimbunga, watu arobaini walitapika humu ukumbini. Mama yake alipelekwa hospitali kwa boti, nusura afe.

“Wapishi wote waliniapia kwamba wamenawa,” anasema. “Tangu hapo, viapo siviamini.”

Kimbunga kingine kinatarajiwa keshokutwa. Jioni hii lazima aamue: awape wanafunzi wake jiko, au wakimbizi wapewe biskuti tu.

Gambo, mchuzi mzito wa bamia, inachemka. Anapiga marufuku kuonja, kisha anatoka “kupiga simu”. Anarudi ghafla.

“Nani ameonja?”

Wanafunzi wote wanamgeukia mwenzao mwenye ndevu.

“Alcide?”

“Mimi? Bi Leontine, nimetulia hapa kama mtakatifu kwenye dirisha la kanisa.”

“Mtakatifu gani ana bamia kwenye ndevu?”

Anazima taa za ukumbi, anawasha yake. Viganja vinang'aa. Midomo inang'aa. Hata sikio la Alcide.

“Kupita kwenye gambo bila kuonja ni kumtukana mpishi,” Alcide anajitetea. “Bibi yangu angefufuka anichape!”

“Na mama yangu nusura azikwe.”

Hakuna anayecheka. Gambo inamwagwa. Upawa unaoshwa na kupakwa unga upya, gambo nyingine inapikwa. Safari hii midomo ya wapishi ni safi. Leontine anaikagua mara mbili, bado amekunja uso.

Kisha anamgeukia mwandishi wa makala haya.

“Na wewe wa gazeti, uliyesema umeshiba? Mbona kidevu kinawaka?”

Kabla jibu halijapatikana, Alcide ameshanyanyua sufuria na kuimwaga, bila kuambiwa. Leontine anamkabidhi ufunguo wa jiko.

“Nataka dhoruba moja tu ipite bila mtu kubebwa,” anasema. “Mama ale humu, nami niketi kando yake, nisiwe nimesimama nyuma ya wapishi.”

Taa bado iko usoni mwa mwandishi.

“Ulionja hii tu?”

“Zote mbili, Bi Leontine. Na ile ya kwanza, mimi ndiye niliyewapitishia upawa.”