Supu ya Tandala

Sisi tuliokulia Bondeni kabla friji hazijaenea majumbani twajua utamu wa kungoja. Ijumaa moja moja nyumba yetu ilinukia tangawizi na pilipili manga tangu asubuhi, kwa kuwa baba alikuwa njiani kutoka bara na nyama ya mwitu. Watoto wa siku hizi wakicheleweshewa chipsi hununa na kujifungia chumbani. Sisi tulicheza mdako barazani kutwa, tukisikiliza lori litakalomteremsha likitokea Makupa.

Siku hizo kuwinda kulikuwa hakujapigwa marufuku. Baba alifanya kazi kwenye ranchi ya Mzungu mmoja, kubwa hata mwenyewe hakuwahi kuimaliza kwa miguu. Wageni walitoka ng'ambo kutafuta pembe za kutundika ukutani, lakini mwenye ranchi hakuwaachia wapige ovyo. Alichagua dume aliyezeeka, mwenye pembe ndefu na aliyekwisha kuacha watoto, majike hawakuguswa. Mnyama akianguka, baba ndiye aliyemkimbilia akamchinja kabla hajakata roho, ili Waislamu wa pale wapate kula. Fungu lake alituletea sisi.

Mwaka aliougua bibi, mamake baba, alikataa kila chakula. Alichotamani ni supu ya tandala tu, yule mnyama mkubwa wa pembe za kujipinda. Baba akamwahidi. Siku ya kurudi kwake mama alisaga viungo, akateleka sufuria, na majirani wote walijua kuwa leo bibi atakula.

Baba aliingia na kikapu kitupu. Alikwenda moja kwa moja kitandani kwa bibi, akakaa, akamshika miguu.

"Mamangu, tandala alipatikana. Lakini mgeni alitaka kichwa na shingo nzima, akanikataza kutia kisu. Mnyama akafa vivyo hivyo."

"Na nyama hawakukupa?"

"Walinipa paja zima. Nimeliwacha."

Bibi alimnyooshea mkono. Alikuwa amekonda, bangili zilimpwaya mikononi, nami nilitaka kulia.

"Umefanya vyema, mwanangu," akasema. "Nipe chai basi, na mkate wa mofa."

Baba akaukata mkate vipande vidogo, akauchovya katika chai, akamlisha kwa mkono wake kama mtoto. Alikula kidogo, akalala. Alifariki kabla dume mwengine hajafikia umri wa kuwindwa, na supu yake hakuipata. Hilo lilimliza baba hata uzeeni.

Siku hizi nyama huletwa mlangoni kwa pikipiki, imefungwa vizuri na kupigwa muhuri wa halali. Wajukuu zangu huusoma, kisha huniuliza kama duka lenyewe ni la kuaminika. Siwalaumu, dunia yao ndiyo hiyo. Ila kila wakiuliza humkumbuka baba, na moyo huniuma kwa mapenzi. Alitulisha miaka yote ile, na hapakuwa na hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza.