Jiwe la Mama Nililoliweka Bila Simiti

Mnihukumu polepole, tafadhali. Mimi mwenyewe nimeshajihukumu mara mbili, na mara zote mbili nimepatikana na hatia.

Mama tulimzika kwenye makaburi ya umma mjini Kisii. Kwetu hiyo ni aibu. Mtu huzikwa nyumbani, kando ya migomba yake. Lakini shamba la Magwagwa tulikuwa tumeliuza, na aliyelipiga bei alikuwa nani? Mimi! Dada yangu Moraa akasema, "Basi awe na jiwe. Hilo ndilo boma lake sasa."

Nikaenda kwa fundi kule Nyakoe. Nikaona jiwe lina kona iliyomeguka, nikaing'ang'ania kona hiyo mpaka bei ikaanguka. Bado sikutosheka. Nikakata hata pesa za simiti ya kulishikilia.

"Mzee, bila simiti halikai."

"Liende wapi? Lina miguu?"

Jamani, nilivyojiona mjanja!

Tukalisimamisha, tukaomba, tukapiga picha. Kisha nikatulia zangu. Kufyeka? Aa, marehemu halalamiki. Mvua za huku nazo hazijui likizo. Nyasi zikafika kiunoni.

Juzi Moraa akaja na mama mdogo, maua mikononi. Jiwe hakuna! Badala ya kukiri, nikanyoosha kidole kwenye tuta lolote. "Ni hapa."

Mama mdogo akapiga magoti, akalia, akamsimulia mama habari za ukoo mzima, madeni yangu yakiwemo.

Mara ikaja familia nyingine na jembe na msalaba mpya. "Pole sana, mama," mmoja akasema. "Lakini huyo unayemlilia ni babu yetu."

Mama mdogo akainuka, akajipangusa magoti. "Wewe! Umeniliza juu ya mwanaume wa watu?"

Moraa hakucheka. Aliuliza tu, "Mama yuko wapi?"

Sikujua. Hadi leo sijui.

Jiwe nililipata, ndiyo. Lilikuwa limelazwa kifudifudi mlangoni pa kibanda cha chipsi, watu wanafutia hapo tope la viatu. Nililijua kwa ile kona yangu ya punguzo. Mwenye kibanda akataja bei, nami kwa mara ya kwanza maishani sikubishana.

Sasa liko nyuma ya mlango wangu. Lina jina, halina kaburi.

Wewe unayevutana na fundi leo, punguza soda, punguza hema, punguza hata hotuba za wajomba. Simiti lipa! Na nyasi zikiota, nenda ukafyeke mwenyewe, ungali unajua ni wapi.